Tiketi ya Simu Pekee na Msafiri Mzee: Mjadala wa Kilwa Masoko

Tiketi ya simu pekee ni ile ambayo kampuni ya usafiri haitoi kwa karatasi wala haiipokei ikiwa imechapwa. Msafiri hupita kwa kuonyesha msimbo ulio kwenye skrini ya simu janja, mara nyingi ndani ya programu ya kampuni yenyewe. Haifai kuichanganya na tiketi ya kielektroniki, ingawa watu wengi huzitaja kama kitu kimoja. Tiketi ya kielektroniki ni kumbukumbu: jina, tarehe, safari na malipo vimeandikwa kwenye kompyuta ya kampuni, na karatasi anayopewa msafiri ni nakala tu. Usafiri wa anga ulihamia huko zamani. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kiliachana na tiketi za karatasi kuanzia tarehe 1 Juni 2008, na tangu hapo abiria wa ndege, mzee kwa kijana, amekuwa akisafiri kwa kumbukumbu. Kilichobaki mkononi mwake ni pasi ya kupandia ndege, na hiyo ndiyo inayoondolewa sasa.

Tarehe 12 Novemba 2025 shirika la Ryanair la Ireland, linalobeba abiria zaidi ya milioni 200 kwa mwaka, liliacha kutumia pasi zilizochapwa nyumbani. Abiria hufungua programu ya shirika hilo, hujisajili kwa safari, na msimbo hutokea humo humo. Shirika lilieleza kwamba karibu asilimia 80 ya abiria wake walikuwa tayari wakifanya hivyo kwa hiari yao. Emirates, ambayo haihesabiwi miongoni mwa mashirika ya bei nafuu, ilitangulia: tangu Mei 2023 abiria wengi wanaoanzia safari Dubai hupokea pasi kwenye simu, na karatasi ikabakizwa kwa makundi machache kama watoto wachanga, wanaohitaji msaada maalumu na wanaokwenda Marekani.

Hakuna shirika la bei nafuu linalotua Kilwa Masoko. Kiwanja cha mji huo hupokea ndege ndogo, na wengi wa wanaozipanda ni watalii wanaokwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mwenyeji anayetaka ndege kubwa hupanda basi hadi Dar es Salaam, kilomita 300 na ushei, au huteremka Mtwara. Hata hivyo suala hili limeshafika Masoko, kwa kuwa mzee wa hapo ana safari zake, na kila safari sasa ina skrini yake. Basi la kwenda hospitali Dar lina tiketi mtandao. Treni ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar kwenda Morogoro Juni 2024, huuza tiketi mtandaoni na dirishani. Mtoto aliyehamia Muscat au London hutuma nauli ya ndege, na tiketi huja kwa barua pepe. Mwenye uwezo na nia huenda hija, na huko nako kuna programu inayomsubiri.

Hoja zinazosemwa kuhusu jambo hili zinaweza kuwekwa katika vinywa vitatu. Mtetezi ni kijana anayewakatia watu tiketi kwa simu yake na kuona kila karatasi kuwa ni ucheleweshaji. Mstaafu ni mama aliyefundisha shule ya msingi, sasa ana miaka sabini na kitu, na simu yake ni kitochi. Wakala ana kibanda stendi, mashine ya POS na laini tatu za pesa. Hawa si watu mahususi. Ni nafasi tatu ambazo mtu yeyote aliyekaa stendi ya Masoko au njia panda ya Nangurukuru kwa saa moja atazitambua.

Mtetezi huanza na bei.

"Shikamoo, mwalimu. Watu wa hali yetu walikuwa hawapandi ndege. Fastjet ilipoanza kuruka Novemba 2012 kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ya kuanzia ilitangazwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Nauli ya namna hiyo haipatikani kampuni ikiajiri watu wa kukaa kaunta na kuchapa makaratasi."

"Marahaba, mwanangu. Fastjet naikumbuka. Lakini watu waliilipia kwa kitochi kama hiki changu, nyota na reli, na hakuna aliyeulizwa ana programu gani."

Jibu la mstaafu lina uzito kuliko linavyoonekana. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na pesa za simu zimejengwa juu ya menyu ya namba ambayo simu yoyote huifungua, hata isiyo na intaneti. Fastjet ya Tanzania ilisimama mwishoni mwa 2018, baada ya mamlaka ya usafiri wa anga kuipa notisi kwa sababu ya madeni na upungufu wa ndege, na tiketi hazikuwa na kosa lolote katika hilo. Unafuu wa mashirika ya aina hii hutoka kwingine: aina moja ya ndege, safari nyingi kwa siku bila ndege kulala chini, viti vilivyobanana, mizigo inayolipiwa peke yake. Pasi iliyochapwa nyumbani haikuwahi kuwa gharama ya shirika, kwa maana wino ni wa abiria na karatasi ni ya abiria.

Faida kubwa ya programu ni duka. Abiria akishaingia humo huuziwa kiti cha mbele, begi la ziada, gari la kukodi na hoteli, na shirika humpata moja kwa moja bila kupitia kwa mawakala wa mtandaoni, ambao Ryanair imevutana nao kwa miaka mingi. Hilo si kosa, ni biashara. Kosa ni kulifunika kwa hoja ya mazingira. Ryanair ilisema itaokoa zaidi ya tani 300 za karatasi kwa mwaka. Ukizigawa tani hizo kwa ile sehemu ya tano ya abiria waliokuwa bado wanachapa, kila mmoja anapata kama karatasi moja na nusu, kwa safari ya chombo kinachochoma mafuta kwa tani.

Mtetezi ana hoja bora zaidi ya hiyo, nayo ni ya udanganyifu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za nchi kavu za mamlaka iliyotangulia, SUMATRA, ndiyo iliyosukuma mabasi ya mikoani kuingia kwenye tiketi mtandao mwanzoni mwa muongo huu, na haikwenda bila mvutano na wamiliki wa mabasi. Sababu zilikuwa wazi: serikali ijue mapato, abiria asitozwe zaidi ya nauli iliyopangwa, na majina ya waliomo ndani ya basi yajulikane ajali ikitokea.

"Mwalimu, umesahau Desemba zile? Siti moja watu wawili, kila mmoja na tiketi yake ya kitabu, zote zina muhuri. Mpiga debe anakupandishia nauli kwa kuangalia mzigo wako. Na aliyekuwa akiteremshwa nani? Si kijana mwenye kifua."

"Sijasahau. Nimesafiri njia hii tangu enzi za kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Mvua ikinyesha tulilala njiani. Simtetei mpiga debe hata kidogo."

Hapa wazee wa Kilwa hueleweka vibaya na wanaowatetea. Mara nyingi huchorwa kama watu wanaoililia karatasi kwa sababu wameizoea. Karatasi haikuwahi kuwafanyia hisani. Tiketi ya kitabu iliyoandikwa kwa kalamu ilikuwa rahisi kughushi, rahisi kupotea na rahisi kukanwa, na mwanamke mzee aliyesafiri peke yake ndiye aliyeumia zaidi. Kumbukumbu ya kompyuta, inayosema siti namba 14 ni ya fulani na imelipwa, ilimpa mzee huyo kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: ushahidi ambao konda hawezi kuuchana.

Mfumo wa mabasi ulipata faida hiyo bila kumlazimisha mtu kununua simu. Wakala hulieleza hili kwa kifupi, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Mteja huja na fedha taslimu au hulipa kwa simu. Wakala huingiza jina na namba, mashine hutema karatasi, na ujumbe mfupi huenda kwenye simu ya mteja, hata ikiwa kitochi. Asiye na simu hubaki na karatasi. Aliyepoteza karatasi hutafutwa kwa jina kwenye orodha. Karatasi yenyewe si ya kutegemewa sana, kwa sababu maandishi yake hayatokani na wino bali na joto, na ikiachwa juani kwenye dashibodi hufifia hadi haisomeki. Hakuna anayejali, maana kinachosafirisha mtu ni ile kumbukumbu.

Tofauti kati ya basi la Kilwa na ndege ya Ryanair, basi, haiko kwenye kuwa na mtandao au kutokuwa nao. Mifumo yote miwili huweka kumbukumbu kwenye kompyuta ya kampuni. Wa kwanza huruhusu kumbukumbu hiyo ifikiwe kwa njia nyingi: ujumbe, karatasi, jina, kitambulisho. Wa pili hutaka ifikiwe kwa kifaa kimoja, tena kinachonunuliwa, kuchajiwa, kuwekewa bando na kutengenezwa na abiria. Kampuni inajua tayari kwamba nauli imelipwa. Inachomtaka abiria ni agharamie chombo cha kuikumbusha.

Mtetezi akifika hapo hutoa jibu linalosikika katika kila nyumba: mzee ana watoto na wajukuu, wamsaidie. Jibu hili ni la kweli, na ndivyo mambo yanavyokwenda Kilwa kwa sehemu kubwa. Linastahili kuangaliwa kwa undani kuliko hoja nyingine zote, kwa sababu ndani yake ndimo madhara mengi yanamojificha.

Kwanza, mjukuu hayupo. Vijana wengi wa Kilwa wako Dar, na msaada wao ni wa mbali. Mjukuu hukata tiketi kwa simu yake, kwa barua pepe yake, na nywila anayoijua yeye. Mzee hutumiwa picha ya skrini kwa simu ya jirani, au namba ya bukingi kwa ujumbe mfupi. Safari isipobadilika, yote huenda sawa. Ikibadilika, taarifa humfikia aliyekata tiketi. Ndege ikisogezwa mbele saa tatu, anayejua ni kijana aliye kazini Kariakoo na simu yake imezimwa. Anayesafiri amekaa kiwanjani na tasbihi yake akiamini yuko ndani ya wakati. Mashirika huhesabu kwamba abiria amearifiwa. Kisheria pengine ni kweli, lakini mzee hajaambiwa kitu.

Pili, anayesaidia hujua mengi. Mzee akitaka kulipa kwa pesa zake mwenyewe humpa mtu simu na namba ya siri. Mstaafu hulisema hili kwa tahadhari, maana si jambo la kulitangaza kuhusu watu wa nyumbani.

"Namba yangu ya siri wanaijua wawili, na pensheni yangu inapita humo humo. Sisemi wananiibia. Nasema sitakiwi kuishi kwa kuomba wasiniibie."

Wakala huongeza lake: wapo wazee wanaofika kibandani na namba ya siri imeandikwa kwenye kipande cha boksi, wakamkabidhi yeye, mtu baki. Naye huwakatalia, ila si kila kibanda hukataa.

Tatu, kuna laini yenyewe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Vidole vya aliyevuta nyavu au kulima miaka hamsini huwa vimesuguliwa, na mashine hupata taabu kuvisoma. Skrini ya kugusa nayo huhisi umeme mdogo wa ngozi, hivyo kidole kikavu chenye sugu huigusa mara tatu bila kuitikiwa. Kijana akiona hayo husema bibi hajui kutumia simu. Bibi anajua, skrini haimtambui.

Nne, na hapa pana kinaya kinachostahili kutajwa, wazee wamefundishwa kwa miaka kutoamini ujumbe wa simu. Kila Mtanzania amewahi kupokea ujumbe wa tapeli unaosema ile hela tuma kwenye namba hii. Kampuni za simu, benki na polisi wamerudia onyo moja: usibonyeze kiungo usichokijua, usitaje namba ya siri, usimtumie mtu tarakimu ulizotumiwa. Mzee aliyelishika somo hilo vizuri ndiye atakayefuta ujumbe wa shirika la ndege unaomtaka abonyeze kiungo ili ajisajili kwa safari.

Mtetezi hukubali baadhi ya hayo manne na kuyapinga mengine. Asemacho kuhusu taarifa kina nguvu: karatasi haiwezi kumwarifu mtu chochote. Ushahidi wake ni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi huo Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar na Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na tiketi ya karatasi peke yake aliijua habari hiyo alipofika stendi. Aliyekuwa na namba ya simu kwenye mfumo angeweza kupigiwa kabla hajatoka nyumbani.

Mwezi huo huo, hata hivyo, ulileta jambo la pili linalompa mstaafu jibu lake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zinazopita pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, na intaneti ikadorora nchi nzima kwa siku kadhaa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa zaidi. Kwa majuma mawili, basi, wilaya moja ilikosa barabara kisha mtandao. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na haikurudi kwa siku kadhaa. Sababu zilikuwa tofauti kabisa, ila kwa mtu ambaye tiketi yake iko ndani ya programu inayotaka kuunganishwa ili ifunguke, matokeo ni mamoja. Wakala huyakumbuka haya kwa namna yake: mashine ilipogoma, alirudi kwenye daftari, akaandika majina kwa kalamu, na konda akaondoka na orodha.

Programu nyingi za ndege huhifadhi pasi ndani ya simu baada ya kufunguliwa mara moja, hivyo hufanya kazi hata bila bando. Ni sahihi kulisema hilo kwa upande wa mtetezi. Chaji ni suala jingine. Kutoka Masoko hadi Dar ni safari ya kutwa, na kabla ya kufika kiwanjani kuna foleni ya Mbagala. Simu kuukuu ya kurithi kutoka kwa mjukuu, ambayo ndiyo simu janja ya wazee wengi, haina betri ya kufika huko.

Mfano wa hija huleta sura nyingine. Saudi Arabia iliianzisha Nusuk mwaka 2022, na kibali cha kuingia Rawdha katika Msikiti wa Mtume, Madina, hupatikana kwa kuomba muda kupitia programu hiyo. Kwa mzee aliyeweka akiba miaka ishirini ili afike mahali pale, muda kukosekana kwa sababu ya simu ni msiba. Vikundi vya hija vimejibu kwa kumpa kiongozi au kijana mmoja kazi ya kushika simu za kundi zima. Lakini kilichofuata ndicho kinachofaa kuangaliwa. Kwenye hija ya mwaka 2024 nchi hiyo hiyo, yenye programu kwa kila kitu, ilimpa kila hujaji kadi ya Nusuk ya kuvaa shingoni, yenye jina, picha na msimbo wa kusomwa na askari. Penye watu karibu milioni mbili, wengi wao wazee, katika joto la Makka, walioendesha shughuli waliona haifai kutegemea simu ya mtu. Tanzania ina mfano wake mdogo wa kadi: kwenye kivuko cha Kigamboni abiria hugusisha N-Card getini, mzee kama kijana, na hakuna skrini ya kusoma.

"Lakini mwalimu," mtetezi huuliza, na hili ndilo swali lake gumu kuliko yote, "si ninyi mliowafundisha babu zetu kusoma? Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliingiza watu kama milioni mbili darasani chini ya miembe. Mzee wa miaka sitini alijifunza a, e, i, o, u. Mzee wa leo atashindwaje kubonyeza?"

Mstaafu hana haraka ya kulijibu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kijana wakati ule na alishika chaki. Anachosema ni kwamba kampeni ile ilikuwa na redio iliyosikilizwa kwa saa maalumu, vitabu vilivyochapwa kwa kusudi hilo, kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, na miezi ya kurudia jambo lile lile. Herufi walizojifunza hazikubadilika mwaka uliofuata. Programu ya simu hubadilishwa vitufe kila baada ya muda, na aliyezoea kubonyeza kulia hukuta kitu kimehamia kushoto. Na hakuna leo anayeendesha darasa hilo: kampuni huona ni kazi ya serikali, serikali huona ni kazi ya familia.

Jibu hilo linaeleza kwa nini wazee hawajafundishwa. Halithibitishi kwamba hawawezi, na mtetezi ana haki ya kulisema hilo. Wazee wengi wa pwani hutuma sauti za WhatsApp kwa watoto wao wa Uarabuni kila asubuhi, bila kufundishwa na mtu. Walijifunza kwa sababu palikuwa na mtu upande wa pili na kosa halikuwa na gharama. Kosa kwenye tiketi lina gharama, na hiyo ndiyo inayowatia hofu kuliko kifaa chenyewe.

Gharama hiyo inaonekana vizuri kwenye masharti ya Ryanair yakisomwa hadi mwisho. Abiria ambaye simu yake imezima au imeibiwa baada ya kujisajili kwa safari hupewa pasi bure kiwanjani. Asiye na simu janja, akiwa amejisajili kupitia tovuti, naye hupewa bure. Kwenye baadhi ya viwanja, vya Morocco kwa mfano, mamlaka zilikuwa bado zinataka karatasi, na shirika likatii. Kwa hiyo pasi ya simu si ya lazima kiasi kile inavyotangazwa. Pasipoti na jina kwenye orodha vinatosha. Palipo na makali ni hatua ya kabla yake. Ambaye hakujisajili mtandaoni hutozwa hadi euro 55 kaunta, na kwa tiketi za bei ya chini kiasi hicho huweza kuizidi nauli yenyewe. Tena dirisha la kujisajili bila kulipia kiti hufunguka saa 24 tu kabla ya safari. Aliyelipia kiti huweza kujisajili siku 60 kabla. Mzee aliyetoka Kilwa kwenda kumwona mtoto London, naye akatumia shirika hilo kwenda na kurudi Ulaya kwa majuma mawili, hawezi kumaliza kila kitu kwenye duka la steshenari la Masoko kabla hajaondoka, isipokuwa alipie viti. Kinachomlemea ni siku ile moja ya kujisajili, akiwa ugenini, kwa lugha isiyo yake.

Mtetezi akionyeshwa masharti hayo husogea. Hatetei tena skrini pekee. Hutetea kwamba anayechagua kuhudumiwa na mtu alipie huduma hiyo. Mstaafu husema ada ya kuhudumiwa haina ubaya ikiwa ni gharama halisi ya dakika tano za mhudumu, na ni adhabu ikiwa inazidi nauli. Kwenye hospitali za serikali nchini kuna dirisha la wazee, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuanzia miaka 60. Haoni kwa nini kaunta ya usafiri iwe tofauti.

Kwa Tanzania mambo bado hayajakaza. Mabasi yana mawakala, SGR ina madirisha, mashirika ya ndege ya ndani yana ofisi na hupokea karatasi iliyochapwa popote. Malalamiko ya abiria wa nchi kavu hupokelewa na baraza la ushauri la watumiaji lililo chini ya sheria ya LATRA, na ya abiria wa ndege yana baraza lake upande wa usafiri wa anga. Kinachotokea kimyakimya ni kupungua kwa madirisha, na anayeziba pengo ni mwenye kibanda. Yeye hujisajili kwa niaba ya mzee, huchapa pasi, hupiga simu Dar kuuliza kama basi limeondoka, na kwa kazi hiyo hupokea kidogo cha juu ambacho hakipo kwenye nauli yoyote iliyopangwa. Mtetezi anasema kidogo hicho kilipwe na mzee. Mstaafu anasema kilipwe na kampuni iliyofunga dirisha. Wakala hana upande. Anachotaka ni kilipwe kabla basi halijaondoka.